Mama wa Alama Tano

Mimi ulimi wangu hauna breki, na leo sitautafutia. Nauza vitoweo hapa Eulpo, kwenye jengo la maduka mkabala na stesheni. Kulia kwangu dalali wa nyumba, kushoto kwangu dalali wa nyumba. Nilipoolewa huku, mji wote ulikuwa mpunga na vyura. Sasa kila nikifungua duka naona winchi nyingine imesimama nyuma ya shule, na shule yenyewe imejaa mpaka watoto wanasomea kwenye makontena. Watu wanakuja kwa sababu kodi za Seoul zimewashinda. Wanalala kwetu, wanafanya kazi kule, jioni wanashuka kwenye treni wamekunjamana kama nguo zilizosahauliwa kwenye ndoo, wanapita kwangu kuchukua spinachi ya ufuta na dagaa wa kukaanga. Nani atapika? Nyumbani hakuna mtu.

Wananiita Mama Su-gyeong, kwa jina la binti yangu. Wateja wangu nawajua kwa matumbo yao. Hyeon-ji, mke wa Tak Gyu-sik, alikuwa akinunua kidogo kuliko wote na kulalamika kuliko wote. Mara chumvi imezidi, mara jana ulinipimia vizuri zaidi. Walikuwa na mtoto mmoja, Da-on, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule, na walipanga vyumba viwili kwenye lile jengo la zamani la matofali mekundu nyuma ya kanisa, lisilo na lifti. Watoto wa fleti mpya walimtania Da-on. "Wewe wa matofali, usicheze kwenye bembea yetu, mama kasema mtaivunja." Sisemi uongo, watoto wa umri ule ndivyo wanavyosema, na mama zao ndio wanaowafundisha. Hyeon-ji alikuwa akisimulia hayo huku midomo inamtetemeka. Nilimwonea huruma. Kumwonea mtu huruma si kumpenda, lakini nilimwonea.

Sasa, fleti mpya za huku haziuzwi kama kabichi. Unaomba, na unapangwa foleni kwa alama. Umekaa miaka mingi bila nyumba yako, unapata alama. Una watoto, unapata alama. Umemtunza mzazi mzee chini ya paa lako miaka mitatu mfululizo, alama tano kwa kila kichwa. Serikali ilidhani inawatuza watoto wema. Watu wetu walisikia kitu kimoja tu, kwamba mzee ni alama.

Ndipo Gyu-sik akakumbuka kwamba ana mama.

Mama mwenyewe aliitwa Mo Bong-nye, mjane wa huko Goheung, kusini kabisa nchi inapokwisha. Alikuwa na nyumba yake ndogo, uwanja wake, mitungi yake ya maharage ya kuchachusha imepangwa ukutani. Lakini mzee mwenye nyumba yake haleti alama. Basi Gyu-sik akashuka kusini sikukuu ya Mwaka Mpya, akamwinamia mama yake mpaka paji likagusa sakafu, akasema, "Mama, mimi ndiye kifungua mimba wako. Ni aibu wewe kukaa peke yako. Uza hapa, twende tukaishi pamoja." Bibi wa watu akalia kwa furaha. Akauza. Aliyenunua alivunja ukuta akaweka ng'ombe. Fedha zote akamkabidhi mwanawe, maana za nini tena, si anakwenda kwake?

Siku ya kwanza alipoingia dukani kwangu alionja kimchi yangu, ile kabichi ya kuchachusha kwa pilipili, akatafuna, akaniuliza, "Nani kaiua kabichi hii?"

"Ala! Bibi, umekuja kununua au kunitukana?"

"Nimekuja kununua. Kutukana ni nyongeza, silipishi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu siku hiyo alikuwa anakuja kila asubuhi akishampeleka Da-on shule, anakaa nyuma ya pazia anamenya vitunguu saumu, ananisengenya mimi mwenyewe mbele yangu. Kimchi yangu ikapata sifa mpaka mtaa wa pili. Sikumwita mama yangu, lakini nilikuwa namsikiliza kuliko nilivyowahi kumsikiliza yule aliyenizaa.

Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bong-nye alipewa jembe siku hiyohiyo aliyoteremka kwenye basi. Alipika, alifua, alimwogesha mtoto, na usiku alitandika godoro lake sebuleni watu wakishamaliza kutazama televisheni. Alfajiri alilikunja kabla mkwe hajaamka, ili Hyeon-ji asije akajikwaa. Hakulalamika. Kila nikimchokoza alisema jambo lilelile.

"Ni kwa muda tu. Kwenye nyumba mpya nitapata chumba changu. Gyu-sik kaniahidi. Chumba chenye dirisha."

Dirisha hilo nililisikia mpaka nikalichoka. Litatazama mashariki, ataanika pilipili pale, atamwekea Da-on mto wa pili kwa siku atakazokuja kulala na bibi. Sijapata kuona mtu akikitamani kitu kimoja namna ile.

Siku moja Hyeon-ji aliingia na rafiki yake wa kazini. Rafiki akasema, "Una bahati, shoga, mama mkwe yupo, mtoto analelewa."

"Mama mkwe wapi," Hyeon-ji akajibu. "Zile ni alama tano zinazokoroma."

Wakacheka wote wawili. Bong-nye alikuwa nyuma ya pazia, kisu mkononi, karai la vitunguu mapajani. Walipoondoka nikamwambia, "Umesikia?"

"Nimesikia. Siku hizi vijana ndivyo wanavyotania."

"Hakutania, mama. Ndiyo sababu ya kukuleta." Nikamweleza habari ya alama, yote, bila kumpunguzia. Alimenya punje tatu nne kabla ya kunijibu.

"Sasa ubaya uko wapi, Mama Su-gyeong? Wenzangu wanawafaa watoto wao kwa mashamba. Mimi namfaa wangu kwa kuwa hai tu. Kazi rahisi kuliko hii nitaipata wapi?"

Nikamsogezea karai la pili.

Bong-nye alikuwa na presha. Hapa Eulpo kliniki ziko nyingi kuliko vyoo, kila ghorofa daktari, lakini mtu wa kumpeleka hakuwapo. Mwenyewe aliogopa zile mashine za kujiandikisha mlangoni. Kule kwao mtu aliingia tu akaita jina la muuguzi. Hyeon-ji akasema, "Mama, mimi kazini wananihesabia dakika. Si yule jirani yako wa kijijini anaweza kukuchukulia dawa palepale ulipozoea?" Basi ikawa hivyo. Jirani yake wa zamani, Mama Pil-jae, alikuwa akienda zahanati ya kijiji kwa jina la Bong-nye, anachukua vidonge, anavipakia kwenye kifurushi pamoja na mwani na vitunguu, anavituma kwa basi. Miaka mitatu presha ya Eulpo ilitibiwa Goheung.

Na sikukuu ya mavuno, akiwapikia supu ya mifupa, alimwagikiwa na sufuria, mkono wote kuanzia kiwiko. Alikuja dukani amejipaka maharage yaliyochachushwa, kama walivyokuwa wakifanya bibi zetu. Nyama ilikuwa nyekundu chini ya ule uji wa kahawia.

"Twende hospitali sasa hivi," nikamwambia. "Nafunga duka."

"Usifunge. Hyeon-ji kanipa kibandiko cha maumivu."

"Kibandiko! Mkono umeiva, mama!"

"Nikienda hospitali wataniuliza, nani anakutunza. Nitasema nini? Unataka mwanangu aaibike?"

Hakwenda. Mkono ulipona wenyewe, ukaacha ngozi inayong'aa. Nawaeleza hili kwa sababu baadaye lilikuja kuwa na maana kuliko lilivyokuwa siku ile.

Miaka mitatu ikatimia. Wakaomba, na wakapata. Haki ya Mungu, walipata! Ghorofa ya kumi na saba, karibu na shule mpya, fleti ambayo waombaji mia walikosa ili mmoja apate. Hyeon-ji alikuja dukani akanikumbatia, yeye ambaye hajawahi kunipa hata salamu kamili. Bong-nye alisimama kando anatabasamu, akijua yeye ndiye aliyeichuma fleti ile, na hakuna aliyemkumbatia.

Fleti yenyewe ilikuwa bado shimo. Huku mtu hununua nyumba kabla haijajengwa. Unachooneshwa ni ile ya maonyesho, iliyojengwa ndani ya banda kubwa, ina vitanda, mapazia, hata matunda ya plastiki mezani. Jumamosi walipokwenda kuitazama nilikwenda nao. Nilifuata tishu za bure wanazowagawia wageni, sifichi. Bong-nye alikuwa amevaa gauni lake zuri. Aliingia chumba kwa chumba ameshika mikono nyuma, asije akachafua kitu. Alipofika kwenye chumba kidogo karibu na jiko akasimama dirishani. Nje ya dirisha lile kulikuwa na taa tu.

"Binti," akamwuliza msichana wa maonyesho, "jua litatokea upande gani hapa?"

"Mashariki, bibi. Asubuhi chumba hiki kitajaa mwanga." Msichana akamgeukia Hyeon-ji na karatasi yake. "Mtahamia watu wangapi, dada? Ili niwashauri kuhusu makabati."

"Watatu," akasema Hyeon-ji. "Hiki tutakifanya cha nguo."

Bong-nye alikuwa amesimama baina yao. Sijapata kuona mtu anafutwa hivyo, mchana kweupe, kwa neno moja. Nilimtazama Gyu-sik. Alikuwa anafungua na kufunga droo ya jikoni, ile inayojifunga yenyewe bila kelele. Aliifungua tena. Akaifunga tena. Mwanamume mzima!

Bong-nye akakaa kwenye kitanda cha maonyesho. Msichana akaja mbio. "Bibi, samahani, haturuhusu kukaa hapo." Akainuka, akanyoosha shuka pale alipokalia, akaomba radhi.

Njiani kurudi alinishika mkono tukiwa nyuma yao. "Labda ametaja watatu kwa sababu ya makabati," akaninong'oneza. "Mimi nguo zangu ni chache." Nilitaka kupiga kelele barabarani.

Majani hayajaanza kupukutika, Gyu-sik akamwambia mama yake kwamba mwenye jengo anataka kutengeneza mabomba ya kupasha sakafu, nyumba itakuwa baridi, kwa hiyo akapumzike nyumba ya wazee kwa mwezi mmoja. Lakini nyumba ya wazee hawapokei mwenye akili timamu kwa bei nafuu. Lazima apimwe aonekane ameanza kusahau. Basi kijana huyo, kifungua mimba, alimkalisha mama yake jikoni akamfundisha. Mpimaji akikuuliza leo siku gani, sema sijui. Akikuuliza mwaka, taja mwaka mwingine wowote. Akikuonesha saa, sema ni sahani. Bong-nye alinisimulia mwenyewe, tena kwa kujigamba.

"Nilimdanganya yule mpimaji vizuri mpaka akanishika mkono kwa huruma. Gyu-sik aliniambia, mama, ungekuwa mwigizaji."

"Na wewe ukakubali?"

"Mwezi mmoja tu, Mama Su-gyeong."

Mwezi! Nyumba yenyewe ya wazee iko mtaa wa tatu kutoka dukani kwangu, ghorofa ya tatu ya jengo la maduka. Chini yake wanakaanga kuku, juu yake watoto wanafundishwa hesabu. Vitanda sita chumba kimoja, harufu ya mafuta inapanda, viti vinakwaruza juu ya kichwa. Wale wengine watano kweli walikuwa wamekwisha kusahau. Mmoja alimwita Bong-nye dada yake siku nzima. Mwezi ukapita, ukaja wa pili, baridi ikaingia, ikatoka. Gyu-sik alikuja mara mbili, simu mkononi. Hyeon-ji hakuja. Mtoto hakuletwa, eti atapata mafua. Mimi nilipeleka kimchi kila Alhamisi, naye Alhamisi baada ya Alhamisi alizidi kunyamaza. Aliacha kula. Aliacha hata kuikosoa kabichi yangu, na hapo ndipo nilipoogopa.

Halafu mambo yakageuka. Siku hizi kuna ukaguzi. Watu wamewatumia wazazi hewa mno, wanawaandikisha kwa jina tu huku wazee wako kijijini wanalima, kwa hiyo wakaguzi hawatazami tena mzee kaandikishwa wapi. Wanatazama anatibiwa wapi. Wanasema mzee ni lazima aumwe, na mahali anapoumwa ndipo anapoishi. Wakafungua habari za Mo Bong-nye. Miaka mitatu, dawa zote Goheung. Eulpo hajang'oa hata jino.

Mkaguzi alikuja mpaka dukani kwangu, mwanamume mwembamba, mpole, anaitwa Bwana Pyo. Nikamwambia ukweli mtupu, bibi aliishi hapa, alimenya vitunguu vyangu kila siku ya Mungu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, kila ninayemkagua ana jirani anayeapa," akasema. "Ngoja nikuulize wewe. Mzee wa umri ule, ana presha, anakaa miaka mitatu kwa mwanawe mjini penye madaktari kila kona. Mwana gani hamfikishi mama yake kwa daktari hata mara moja?"

Nikashika kitambaa nikafuta meza. Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa la kumkaanga Gyu-sik.

Na wote tulijua kinachowangoja. Wakionekana wamedanganya, fleti inanyang'anywa, malipo ya kwanza yanakwenda, miaka kumi hawaruhusiwi kuomba nyingine, na kesi polisi juu yake. Wangekufa kwenye matofali. Lililobaki lilikuwa moja tu, Bong-nye mwenyewe aseme kwa kinywa chake kwamba aliishi kwao.

Siku Bwana Pyo alipokwenda kumwona, nilikuwapo, maana ilikuwa Alhamisi. Lo, ungemwona Hyeon-ji! Amebeba machungwa, maua, blanketi jipya lenye lebo. Anapiga magoti kando ya kitanda, anamenya chungwa, anatoa hata nyuzi zile nyeupe. "Mama, umekonda. Mama, tumekukosa." Da-on alikuwa amepanda kitandani anamkumbatia bibi yake shingoni, na yeye hakutumwa, yule mtoto alimpenda kweli. Bong-nye alikuwa anampapasa nywele. Gyu-sik alisimama mlangoni anatoka jasho.

Bwana Pyo akavuta kiti. "Bibi, nimeambiwa kumbukumbu zako zina shida. Kabla sijakuuliza neno, naomba nikujaribu kidogo. Leo siku gani?"

"Alhamisi. Huyu huniletea kimchi Alhamisi."

"Mwaka?"

Akautaja, na mwezi, na tarehe kwa kalenda ya kale na ya sasa. Akamwambia zamu ya muuguzi inaisha lini, na kwamba bibi wa kitanda cha dirishani alifariki juzi na bado hawajawaambia ndugu zake. Bwana Pyo akamwonesha saa yake. "Saa," akasema Bong-nye, "na inachelewa."

Gyu-sik akapiga makofi. Kweli, alipiga makofi! "Mnaona? Mnaona, afande? Mama yangu ana akili timamu! Ile ya kusahau ilikuwa ni kwa ajili ya kupata nafasi tu, nitaieleza, nitalipa hata faini. Lakini akili anazo zote! Andika hilo!"

"Unathibitisha?" akauliza Bwana Pyo.

"Nathibitisha! Akili zake ni nzima kuliko zangu!"

Bwana Pyo akaandika. Kisha akamgeukia mzee. "Bibi, miaka hii mitatu iliyopita, kabla ya kuletwa hapa, ulikuwa unaishi wapi?"

Bong-nye aliondoa mkono wa Da-on shingoni mwake, taratibu, kidole kwa kidole.

"Goheung," akasema.

Sikuamini masikio yangu. Juu kiti kilikwaruza.

"Goheung, kijijini kwako?"

"Wapi tena? Nyumba niliuza, nikawa nalala kwa jirani yangu Mama Pil-jae. Dawa zangu zahanati ya pale, yeye ndiye anayenisaidia. Muulizeni. Huyu kijana aliniambia niandike jina tu, ataniletea nafuu. Kwake sijalala hata usiku mmoja."

"Mama!" Gyu-sik alipiga ukelele kama mtu aliyekanyaga moto. "Mama, unasema nini? Afande, amesahau! Mgonjwa huyu, amesahau!"

"Bwana Tak," mkaguzi akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole vilevile, "umethibitisha mwenyewe sasa hivi."

Hapo ndipo mtoto aliposema. Da-on alikuwa anamtazama bibi yake usoni, haelewi. "Lakini bibi, si ulikuwa unalala sebuleni? Ulikuwa unanisimulia hadithi za chui. Mkono wako si uliungua kwetu?" Akaushika ule mkono wenye ngozi inayong'aa, akauinua ili mkaguzi aone.

Nikasema kimoyomoyo, hapa atavunjika. Kwa mtoto huyu hataweza.

Bong-nye akauvuta mkono wake. "Mtoto kafundishwa," akasema. "Wamemfundisha vizuri. Angekuwa mwigizaji."

Da-on alishuka kitandani. Hakulia papo hapo. Alikwenda akasimama nyuma ya mama yake, ndipo midomo ikaanza kumcheza. Bwana Pyo alifunga makaratasi, akainama kwa heshima kwa kila mtu, hata kwa wale wasiojua wako wapi, akaondoka.

Sitarudia yote aliyoyasema Hyeon-ji. Kizee mchawi lilikuwa ndilo la adabu. Alichukua blanketi lake na lebo yake, akayaacha machungwa, akamburuta mtoto. Gyu-sik alibaki amepiga magoti sakafuni, paji la uso chini, kama alivyofanya Goheung siku ile.

"Kwa nini, mama? Mimi ni mwanao. Tutakaa wapi sasa?"

"Mimi nimelifikiria swali hilo miezi yote hii, nimelala hapa," Bong-nye akamwambia. "Sasa lifikirie na wewe."

Gyu-sik akainuka akatoka. Nilimsikia kwenye ngazi akigongana na watoto wa hesabu waliokuwa wanashuka, na mmoja akimwambia, mjomba, mbona unalia.

Nilikuwa nimemkasirikia Gyu-sik miaka mitatu. Nilikuwa nimeiota siku atakayoadhibiwa, nikaipamba. Ilipofika, nilichokiona ni yule mtoto na midomo yake. "Mama," nikasema, "kwa Gyu-sik, sawa. Kwa Hyeon-ji, sawa sana. Lakini Da-on? Atakumbuka maisha yake yote kwamba bibi yake alimwita mwongo."

"Najua."

"Na hawatarudi tena. Ukifa hakuna atakayekuja."

"Najua, Mama Su-gyeong. Umeniletea nini?"

Nikamfungulia boksi. Kimchi ya figili. Aliomba wali, muuguzi akashtuka, mbio akaleta bakuli. Bong-nye alikula. Mtu ambaye kwa miezi hakumaliza kijiko alikula kwa mafungu makubwa, mashavu yamejaa, mchuzi mwekundu unamtiririka kidevuni, hapumziki. Nilifurahi na nikaogopa. Wale wazee wengine walimtazama. Alipofika nusu ya bakuli mkono ukasimama hewani, akabaki na tonge kinywani, hatafuni, mabega yanaanza kupanda na kushuka.

Nikaogopa atapaliwa. Nikamshika mgongo.

"Meza kwanza," nikamwambia. "Meza, mama, ndipo ulie."